Mwacheni mgonjwa ale mafuta!

Jamani, hivi nyongo imetukosea nini? Mtu akishikwa na malaria Ifakara, akatapika kile kitu cha njano, hakosekani shangazi wa kutoa hukumu: nyongo imezidi, asiguse mafuta. Basi anapewa uji mwepesi usio na kitu, na vidonge vya dawa mseto juu yake. Linanikera zaidi likisemwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Haijazidi kitu. Mtu akitapika tumbo likiwa tupu, kinachobaki kutoka ni nyongo. Na nyongo yenyewe ina mafuta! Ini hugeuza lehemu kuwa chumvi za nyongo, kisha seli zake husukuma humo lehemu nyingine pamoja na mafuta yaitwayo fosfolipidi. Hayo ndiyo yanayozipoza zile chumvi, la sivyo zingechubua mirija ya ini lenyewe. Nyongo husubiri kwenye kifuko chake mpaka utumbo upokee mafuta ya chakula. Hapo kifuko hujikamua, na mafuta huvunjwavunjwa yakaweza kupenya. Unamnyima mgonjwa mafuta, kifuko kinajikamulia nini?

Sasa njoo kwenye dawa mseto, ambayo Tanzania iliifanya dawa ya kwanza ya malaria mwishoni mwa 2006, SP ilipochoka. Mwenzake artemeta ni lumefantrini, na huyu hapatani na maji, anasafiri na mafuta. Akimezwa na mlo wa mafuta mengi huingia kwenye damu takriban mara 16 kuliko kwa tumbo tupu. Tena ndiye anayebaki siku kadhaa akimalizia vijidudu vilivyosalia. Sisemi mletewe chipsi. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa maziwa kidogo ya soya, yenye gramu 1.2 tu za mafuta, yanakaribia kutosha.

Na haya tunayavumilia Ifakara, mji wenye maabara ya utafiti tangu 1957, leo Ifakara Health Institute! Bonde lenye perege, karanga na wali wa nazi! Bahasha ya dawa inaandikwa "4x2" basi, utafikiri wino unauzwa kwa matone. Ongezeni maneno matatu: "na chenye mafuta". Mama aliyeko shamba huko Mngeta akiyasoma, atajua cha kufanya na zile karanga. Na mgonjwa akishindwa kula kabisa, apewe hata chai ya maziwa, lakini dozi zote 6 za siku 3 azimalize.