Ndoa Imevunjika, Mtoto Akae kwa Nani?



Mama mmoja alikuja darasani kwetu na karatasi aliyoifunga katika pindo la khanga. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Alikuwa ametia dole gumba bila kujua karatasi ile inasema nini. Tulipoisoma pamoja, tuliona inasema amekubali kumwacha kwa baba mtoto wake wa miaka 3. Mama yule alilia.

Watu wengi husema, "Mume ametoa mahari, basi watoto ni wake." Wengine husema, "Mtoto ni wa mama aliyemzaa." Mimi nasema wote wamekosea. Mtoto si ng'ombe wala si chungu, hata agawanywe talaka inapotoka.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nini? Inasema kwamba mahakama itazame kwanza faida ya mtoto. Kisha isikilize matakwa ya baba na mama. Imsikilize na mtoto mwenyewe, ikiwa amefikia umri wa kutoa maoni yake. Mila nazo hutazamwa, lakini hazimtangulii mtoto. Aliye chini ya miaka 7 huhesabiwa kuwa ni vema akae na mama, isipokuwa pana sababu ya kutosha ya kukataa.

Baba, usidhani mtoto akienda kwa mama wewe umepumzika. Chakula, mavazi, malazi na masomo yake bado ni wajibu wako. Nawe mama, usimfiche mtoto ili kumkomoa baba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi asiyekaa naye, bila kuvuruga masomo.

Mkishindwa kupatana, nendeni Mahakama ya Mwanzo. Hata mapatano yaliyokwisha kuandikwa, mahakama inaweza kuyabadili kwa faida ya mtoto.

Mama yule alikwenda. Kesi yake haijakwisha. Lakini sasa kila karatasi huisoma mwenyewe kabla ya kuandika jina lake.

Maswali ya kujadili:
1. Kijijini kwenu, wazazi wakiachana, nani huulizwa habari za mtoto?
2. Je, mtoto mwenyewe huulizwa?