Homa Haina Jina Moja

Ukimkuta mtu wa kwetu amejikunyata ndani ya kanga saa sita ya mchana, ukamwuliza ana nini, atakujibu bila kusita: "Nina malaria." Hajapimwa, wala hajaonana na tabibu. Viungo vinamwuma na mwili unamchemka, basi. Jina la ugonjwa mmoja limekuwa jina la kila hali ya kutojisikia vizuri. Hayo ni mazungumzo ya barazani na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu unaanza pale mazungumzo ya barazani yanapovaa koti jeupe, yakakaa nyuma ya meza na kuandika cheti cha dawa.

Homa si ugonjwa. Homa ni kengele. Mwili unaipiga unapovamiwa, na wavamizi ni wengi: vimelea vya malaria, virusi vya mafua, bakteria wa nimonia, wa taifodi, wa uti wa mgongo, wa brusela itokanayo na maziwa yasiyochemshwa, na wa leptospira itokanayo na mkojo wa panya. Mlinzi anayesikia kengele na kukimbilia mlango uleule kila usiku, bila kutazama madirisha, hatufai. Hata hivyo kwa miaka mingi tumewaacha walinzi wa namna hiyo watulinde, na kila walipokosea tukasema ni kazi ya Mungu.

Uamuzi wa tabibu una hatua zake, nazo ni za kale kuliko mashine zote. Kwanza humsikiliza mgonjwa. Kisha humtazama na kumgusa. Halafu hupanga kichwani magonjwa yanayoweza kuwa chanzo, akiweka mbele yale yanayoua upesi. Hapo ndipo huchagua kipimo kitakachoipunguza orodha ile. Kipimo ni swali, na mwenye kuuliza swali hana budi kuwa tayari kulipokea jibu, hata lisipompendeza. Mambo hayo yakipinduliwa, yaani uamuzi ukatangulia na kipimo kikaja nyuma kama mhuri tu, hapo hakuna tiba. Kuna desturi.

Msomaji asidhani natia chumvi. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika hospitali kumi za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali walipimwa damu upya kwa uangalifu. Waliokutwa na vimelea ni 2,062, yaani asilimia 46 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na jambo jingine. Inayoniuma zaidi ni hesabu ya vifo. Kati ya wale waliokuwa na malaria kweli walikufa takriban asilimia 7. Kati ya wale wasiokuwa nayo walikufa asilimia 12. Rudia kuisoma sentensi hiyo. Kitandani mwa hospitali zile, mwenye ugonjwa ulioandikwa kwenye jalada lake alikuwa na nafasi nzuri ya kupona kuliko yule aliyebandikwa jina la ugonjwa asio nao.

Baadaye, katika hospitali mbili za Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa kwa vipimo vya kila aina. Matabibu walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528. Waliokuwa na malaria kwa hakika walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria au kuvu katika damu, leptospira, homa za kupe, brusela, chikungunya. Kumi na wanne kati ya mia nane na sabini! Fundi saa akikosea kiasi hicho tungemnyang'anya bisibisi.

Sasa nitende haki. Desturi hii haikuzaliwa kwa uzembe. Katika miaka ya themanini na tisini zahanati nyingi hazikuwa na hadubini, na zilizokuwa nayo hazikuwa na mtu wa kuitumia wala umeme. Klorokwini ilikuwa rahisi na ilipatikana hata dukani kwa Mangi. Mtoto mwenye malaria aliweza kuamka akicheza na kufa kabla ya jua kuzama. Katika hali hiyo, kumpa dawa ya malaria kila mtoto mwenye homa ulikuwa uamuzi wa busara, na miongozo ya kimataifa yenyewe iliuagiza. Waliofanya hivyo waliokoa watoto wengi, nami nawavulia kofia.

Lakini mambo yalibadilika. Klorokwini ilishindwa na vimelea, na mwaka 2001 Tanzania ikaiacha ikachukua SP. Nayo SP ikazidiwa, na mwaka 2006 ikatangazwa dawa mseto. Vyandarua vikaenea. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 hadi 2008 ulikuta vimelea katika asilimia 18 ya watoto wadogo wa Tanzania Bara. Ule wa mwaka 2017 ulikuta asilimia 7. Kikaja kipimo cha haraka, tone moja la damu kwenye kibao cha plastiki, jibu ndani ya dakika kama ishirini, bila hadubini wala umeme. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, mtoto na mtu mzima. Sababu zote za desturi ile zikaondoka moja baada ya nyingine, lakini desturi ikabaki imekaa kitini kama mgeni asiyejua kuaga.

Ushahidi? Mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali za huko huko kaskazini-mashariki. Wagonjwa wengine walipimwa kwa kipimo cha haraka, wengine kwa hadubini. Katika makundi yote mawili, zaidi ya nusu ya walioambiwa hawana vimelea waliandikiwa dawa ya malaria vilevile. Kipimo kilisema hapana, kalamu ikasema ndiyo.

Tangu hapo tumesogea, sikatai. Siku hizi wengi hupimwa, na dawa mseto haigawiwi ovyo kama zamani. Lakini ile tabia haikufa. Imehama nyumba tu. Kipimo cha malaria kikisema hapana, jina jingine hutafutwa upesi, na majina yaliyo karibu ni mawili: taifodi na UTI. Nani kati yetu hajasikia mtu akisema ameambiwa ana "malaria kidogo, taifodi kidogo na UTI kwa mbali"? Magonjwa matatu, kidogo kidogo, kama viungo vya pilau! Mgonjwa anatoka na mfuko wa vidonge na sindano za siku tano, ameridhika kwamba pesa yake imefanya kazi.

Tuitazame hiyo taifodi. Katika maabara zetu nyingi hutafutwa kwa kipimo cha Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupigana naye au na ndugu zake. Askari hao hubaki katika damu muda mrefu baada ya vita kwisha. Aliyeugua zamani, aliyechanjwa, hata aliyeambukizwa jamii nyingine ya salmonela, anaweza kuonekana ana taifodi leo ilhali anaumwa mafua. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu, nacho huchukua siku kadhaa na hakipatikani kila mahali. Taifodi ipo, na inaua kwa kutoboa utumbo. Lakini taifodi inayoonekana kwa kila anayepimwa Jumatatu asubuhi si ugonjwa wa mji. Ni ugonjwa wa maabara.

Nitaeleza niliyoyaona mwenyewe, kwa kuwa takwimu hazina uso. Mwaka 2016 mpwa wangu, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alishikwa na homa na kikohozi. Mama yake alimpeleka kwenye zahanati moja ya kulipia, nami niliwasindikiza. Kipimo cha malaria kikasema hana. Daktari hakuinua macho. Aliandika dawa mseto "kwa usalama", akaongeza dawa ya taifodi na sharubati ya kikohozi. Mtoto hakuvuliwa hata fulana. Kesho yake hali ikawa mbaya, tukaenda zahanati ya serikali penye foleni ndefu. Tabibu wa pale, binti mdogo, alimpandisha mtoto fulana, akaitoa saa yake mkononi na kuiweka magotini, akanyamaza kwa dakika nzima akihesabu kifua kinavyopanda na kushuka. Pumzi hamsini na nne. Kwa mtoto wa umri ule, arobaini na kuendelea ni dalili ya nimonia. Alimpa amoksilini, akatueleza dalili za hatari ambazo tukiziona tusingoje kuche, akatuambia turudi baada ya siku mbili. Mtoto alipona. Kule kwa kwanza tulilipia vipimo vitatu. Kipimo kilichohitajika kilikuwa saa ya mkononi.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza: matabibu ni wachache, wagonjwa ni wengi, hakuna muda. Ni kweli kwamba ni wachache. Lakini kuhesabu pumzi ni dakika moja, na mgonjwa aliyepewa dawa isiyo yake hurudi keshokutwa akiwa mahututi, akirefusha foleni ileile tuliyodai kuifupisha. Haraka hiyo ni mkopo, na riba yake hulipwa wodini.

La pili: kipimo chaweza kukosea, na ni heri kutibu bure kuliko kujuta. Kipimo chaweza kukosea, naam. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi, na hupimwa tena homa isiposhuka. Lakini anayetibu malaria isiyokuwapo hajiepushi na hatari. Anaificha, kwa sababu akishaandika jina moja huacha kutafuta jingine. Kipimo kikisema hapana, kazi haijaisha. Ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 2014 homa ya dengi ilipolipuka Dar es Salaam, kisha tena mwaka 2019, mji ulikumbushwa kwamba mbu si wa malaria pekee. Tena dengi haitibiwi kwa dawa mseto. Inahitaji maji, uangalizi na kuepuka aspirini.

La tatu ndilo zito: mgonjwa mwenyewe anataka dawa. Asipopewa, atasema daktari hajui kazi, atakwenda duka la dawa ajinunulie. Hapa lawama ni yetu sote tuliozoea kumpima mganga kwa uzito wa mfuko wa dawa. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa kama mmoja katika kumi, na wengi wa watoto wote walikuwa na maambukizo ya virusi, ambayo kiuavijasumu hakiyagusi. Kinachoguswa ni bakteria wengine mwilini, wanaojifunza kuishi na dawa zetu. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kutokana na bakteria sugu. Sindano ninayodunga leo kwa mafua ninaiba kwa mzazi atakayeihitaji kesho akiwa leba. Basi mgonjwa anapotaka dawa, daktari hakuajiriwa kuwa muuza duka. Maneno yake ni sehemu ya tiba, na "leo huhitaji dawa hii, na sababu ni hii" ni maneno ya kitaalamu kuliko cheti chenye mistari sita.

Lipo na la nne, lisilosemwa kwa sauti: vidonge na vipimo vinaingiza pesa, mazungumzo hayaingizi. Kituo kinachoishi kwa faida ya maabara yake na duka lake kitaona magonjwa mengi daima. Halihitaji daktari mbaya kutokea. Linahitaji tu utaratibu unaomlipa kwa kuandika na usiomlipa kwa kufikiri. Wenye kutunga taratibu za bima na za hospitali wanalijua hili, nasi tuna haki ya kuwadai walirekebishe.

Wakati tunangoja, mgonjwa hana sababu ya kukaa kama mzigo unaopimwa mizani. Ana haki ya kuuliza, kwa adabu na bila woga, maswali matatu. Mbali na hicho ulichokitaja, inaweza kuwa nini kingine? Kipimo hiki kikisema ndiyo au hapana, utabadili nini? Nikifika nyumbani, nikiona dalili gani nirudi mara moja? Daktari mzuri hatakasirika, kwa sababu ni maswali anayojiuliza mwenyewe. Akikasirika, utakuwa umepata jibu kabla hujalipia dawa.