UKURASA WA WAZAZI NA VIJANA: Mwenzi wa safari si mbeba mizigo

Mwezi huu tunagusa jambo ambalo wazee wanatuuliza mara kwa mara: hii michezo ya video ambayo watoto wanacheza kwenye simu. Wengine wanasema ni kumaliza chaji bure. Sisi waalimu wa kujitolea hatusemi yote ni mizuri, sababu mingine ni risasi tu toka mwanzo hadi mwisho. Lakini iko aina moja tunaomba muiangalie kwa jicho lingine.

Ni michezo ya hadithi. Mchezaji anashika nafasi ya mtu fulani, anasafiri, na njiani wengine wanaungana naye. Hao ndio wenzi wa safari. Kuna mtu aliyekaa chini akawaandikia maneno yao, hasira zao na siri zao. Kazi yake ikiwa mbaya, mwenzi anaitika "ndiyo" kwa kila kitu, anapigana, anabeba mizigo, basi. Ukimtoa, hadithi haipungui. Kazi ikiwa nzuri, mwenzi ana kwao, ana anayemlilia, na ana jambo analolikataa.

Tuchukue Baldur's Gate II, mchezo uliotoka Kanada mwaka 2000. Mle ndani wenzi wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Ukitenda maovu mengi, walio wema wanakuacha. Na ukizidisha wema, waovu nao wanaondoka! Hapo kijana anajifunza kwamba rafiki si mali yake.

Afrika nayo ina wake. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa mchezo unaoitwa Aurion. Enzo ni mwana wa mfalme wa nchi ya Zama. Anapinduliwa siku ya kutawazwa, anatoka nchini na mkewe Erine, wanazunguka dunia kutafuta msaada. Sasa sikilizeni: aliyempindua ni Ngarba, kaka wa huyo Erine. Yaani mama huyu anatembea na mume ambaye ndugu yake mwenyewe amemfukuza. Moyo wake uko wapi? Swali hilo peke yake linampa uzito kuliko panga lolote.

Kwetu nani asiyeelewa hapo? Mwaka 2015 wengi wetu tulikuwa bado watoto. Watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walishuka ufuko wa ziwa, wakapita Kabonga, wakavuka mpaka hadi Kagunga. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba haikuweza kufika ufukweni, watu wakapelekwa kwa mitumbwi hadi ilipo, ndipo waende Kigoma. Katika safari ile hakuna aliyekuwa mbeba mizigo tu. Bibi aliyekataa kupanda mtumbwi uliojaa, jirani aliyegawa unga wake, kijana aliyekasirika akakaa kimya siku mbili: kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Mtungaji akiwaandika kama kivuli cha mtu mmoja shujaa, amesema uongo.

Na kazi hii haikuanza na kompyuta. Kuanzia mwaka 1997 Warundi walisikiliza kwenye redio mchezo wa Umubanyi Niwe Muryango wa Studio Ijambo, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ulihusu familia mbili jirani, moja ya Wahutu, nyingine ya Watutsi. Wazee wanaukumbuka. Jirani akiandikwa kama mtu kamili, ni vigumu kumchukia kama jina tu. Hiyo ndiyo faida yenyewe, na kwetu sisi si jambo dogo.

Vijana, msiseme haya ni ya watu wa mbali. Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini ya Uganda, mama yake aliweka akiba miaka mitatu amnunulie kompyuta. Akajifunza, akatengeneza mchezo wa amani unaoitwa Salaam. Mwaka 2018 alitambuliwa huko Marekani kwenye tuzo kubwa za michezo ya video.

Basi kazi ya mwezi huu ni hii. Mnapoandika igizo la darasani, kila mwenzi wa shujaa apewe mambo matatu: anachokitaka yeye mwenyewe, anachokiogopa, na siku moja ya kusema "hapana". Hasa wasichana. Tumechoka kuona igizo ambamo dada anachota maji, analia, halafu anatoka jukwaani. Mpeni neno linalogeuza safari.

Na ninyi wazazi, kabla ya kunyang'anya simu, muulizeni mtoto: "Huyo mwenzako kwenye mchezo anataka nini?" Akijibu kwa maelezo marefu, kaeni mumsikilize, anajifunza watu. Akisema "hataki kitu, ananifuata tu", mwambieni mchezo huo ni dhaifu, na kwamba hata hapa kambini hakuna mtu wa namna hiyo. Halafu simu irudi, maji yachotwe kwanza!

Maigizo yenu tutayapokea shuleni hadi mwisho wa mwezi. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.