Ini jipya halina kinga dhidi ya bakteria sugu

Siku hizi si ajabu kusikia kanisani au kazini tangazo la harambee ya kumpeleka mgonjwa wa ini India. Marafiki huchanga, shamba huuzwa, na mmoja wa jamaa hujitolea kukatwa kipande cha ini lake ili ndugu yake apandikizwe. Watu huulizana kuhusu nauli, viza na gharama ya upasuaji. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza: Je, mgonjwa huyu akishikwa na bakteria wasiosikia dawa, atatibiwa kwa nini?

Siulizi ili kutia watu hofu. Upasuaji huu umepiga hatua kubwa tangu Dkt Thomas Starzl alipojaribu kumpandikiza binadamu ini kwa mara ya kwanza huko Denver, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa huyo, mtoto mdogo, alifia kwenye meza ya upasuaji. Leo wengi huishi miaka mingi. Hata hivyo, maambukizi yangali miongoni mwa hatari kubwa za miezi ya kwanza, na katika mwezi wa kwanza aghalabu huletwa na bakteria.

Ini ni jirani wa utumbo, na utumbo ni makao ya bakteria wasiohesabika. Mfereji wa nyongo wa ini jipya huunganishwa na ule wa mgonjwa, au na utumbo wenyewe. Pahali hapo pakivuja au pakiziba, nyongo hutuama na kuwa kama dimbwi la kuzalia vijidudu. Wakati huo huo mgonjwa anameza dawa kama takrolimasi ili mwili usilikatae ini la mwenzake, na dawa hizo hudhoofisha kinga. Isitoshe, kabla ya upasuaji huenda amekuwa akiingia na kutoka hospitalini kwa miezi, akitolewa maji tumboni na kupewa viuavijasumu mara kwa mara. Kila dozi huua bakteria wanyonge na kuwaachia nafasi walio sugu. Hivyo anaweza kufika mbele ya mpasuaji akiwa tayari amewabeba tumboni, ilhali hana dalili yoyote.

Anayetusumbua sana ni Klebsiella pneumoniae. Baadhi ya aina zake hutoa kimeng'enya kinachovunja kabapenemu, dawa ambazo sisi madaktari huziweka kama akiba. Akiba hiyo ikishindwa, hubaki dawa kama kolistini, ya tangu miaka ya 1950, ambayo huweza kudhuru figo. Takrolimasi nayo ni mkali kwa figo. Unamwokoa mgonjwa upande mmoja na kumuumiza upande wa pili. Dawa mpya zimetokea katika miaka ya karibuni, lakini ni ghali, na si zote zinazokiweza kimeng'enya kiitwacho NDM.

Herufi mbili za kwanza za jina hilo zinasimamia New Delhi, kwa kuwa kiligunduliwa kwa mgonjwa huko Sweden aliyekuwa amelazwa katika jiji hilo. Wahindi walilikasirikia jina hilo, nami naona walikuwa na haki. Mwaka 2011 watafiti walichapisha habari za Klebsiella wenye kimeng'enya hicho hicho, waliopatikana kwa wagonjwa waliolazwa Nairobi kati ya 2007 na 2009. Basi tusijidanganye kwamba balaa hili huletwa na ndege peke yake.

Tunalilea wenyewe. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inataka viuavijasumu viuzwe kwa cheti cha daktari. Nenda duka lolote la dawa mtaani jioni uone jinsi mtu anavyokatiwa vidonge vinne kwa sababu ya kikohozi, kulingana na pesa alizo nazo. Na wenye maduka si wakosaji peke yao. Kuna madaktari wanaoandika viuavijasumu kwa kila mafua kwa sababu mgonjwa hapendi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa aliyepandikizwa ini, duka hilo lina hatari nyingine. Erithromisini inaweza kupandisha takrolimasi mwilini hadi kiwango cha sumu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha hata mwili ukaanza kulikataa ini. Asinunue kidonge chochote bila kumuuliza daktari anayemtunza.

Maoni yangu ni kwamba kamati ya harambee inayoweza kukusanya mamilioni inapaswa kutenga fungu la kipimo cha maabara: damu au usaha kuoteshwa ili ijulikane bakteria ni yupi na dawa ipi inamweza. Majibu huchukua siku mbili tatu. Dawa inaweza kuanzishwa kabla ya majibu, lakini damu itolewe kwanza. Na hospitali zetu zinapompokea mgonjwa aliyelazwa ng'ambo, zimpime kinyesi kwa pamba ya maabara, zimpe chumba chake, na wauguzi waoshe mikono kila wanapotoka kwake. Kumtenga hivyo si kumbagua. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye ana haki ya kulindwa.

Jamaa wana kazi pia. Homa kwa aliyepandikizwa ni ya kupelekwa hospitalini siku hiyo hiyo, hata ikiwa ndogo, maana kinga iliyodhoofishwa huenda isipandishe joto sana. Na kabla ya kupanda ndege kurudi, waombe barua yenye majibu yote ya maabara na majina ya viuavijasumu alivyopewa. Barua hiyo iwekwe pamoja na pasipoti, na nakala ifike kwa daktari wake wa hapa kabla ya homa ya kwanza.