Mroho wa Jana, Mpishi wa Leo



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya mtoto ambaye kila nyumba inaye: yule asiyebanduka mlangoni pa jiko. Harufu ya kitunguu ikipanda tu, yeye amekwisha fika. Huonja kabla ya wakati, hugombea ukoko, na wakubwa humwita mroho na kumfukuza. Twamjua vema mtoto huyo, kwani ndio sisi wenyewe.

Bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakutufukuza. Siku moja alitukuta tumetia kidole katika sufuria ya mchuzi. Hakutupiga. Alitukalisha juu ya mbuzi, akatupa nazi mbili, akasema, "Mjukuu wangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukitaka kula kwangu, utakuna nazi."

Nazi ya kwanza ilituchubua vidole. Ya pili tukajua namna ya kuishika. Kisha akatufundisha kuchuja kwa kifumbu. Tui la kwanza, zito, liliwekwa kando. Chicha ikatiwa maji tena, likatoka la pili, jepesi. Tukauliza kwa nini yasichanganywe. Akajibu, "Ngoja, utaona."

Tuliona Ijumaa moja tulipoachiwa mchuzi wa samaki. Kwa pupa yetu tulimimina tui zito tangu mwanzo, tukachochea moto, wala hatukukoroga. Tui likakatika, mafuta yakaelea juu, na chini yakabaki mabonge mabonge. Babu alikula kimya mpaka akamaliza, akasema, "Alhamdulillahi," akanawa mikono. Baadaye tulijifunza chuoni ya kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia chakula ila: akikipenda hula, na asipokipenda hukiacha. Hapo tukafahamu babu alikuwa akimfuata nani. Tangu siku ile tui jepesi ndilo tulipikialo, na zito hulitia mwisho, kwa moto mdogo, huku mwiko ukizunguka.

Basi uroho wetu uligeuka hivyo, kidogo kidogo. Zamani tulikuwa tukitazama sahani yetu tu, kama imejaa. Baada ya mchuzi ule tulianza kutazama nyuso za wanaokula.

Lakini liko jambo moja tunalojuta. Bibi alikuwa fundi wa mkate wa kumimina, wenye harufu ya hiliki, uliookwa kwa makaa juu na chini. Hakuwa na kipimo ila kiganja chake. Alipofariki, mkate ule ulikwenda naye. Kwani sote nyumbani tulikuwa tumeula, wala hapana hata mmoja aliyekuwa ameupika.

Hapo twamkumbuka Muhammad bin Hasan al-Baghdadi, aliyeandika Kitab al-Tabikh, yaani Kitabu cha Upishi, katika mji wa Baghdad mwaka 1226. Katika utangulizi wake alizigawa starehe za dunia mafungu sita, akakiweka chakula mbele ya kinywaji, mavazi, manukato na nyinginezo. Hakuona haya kusema ya kuwa apenda kula. Ila mapenzi hayo hayakumwacha mkekani akingoja kupakuliwa. Yalimfanya ajifunze na kuandika. Alimtaka mpishi akate kucha zake, asafishe vyombo, na aondoe povu la nyama ichemkapo. Miaka 32 baadaye, mwaka 1258, Wamongoli waliuteka mji ule na kuuharibu, lakini kitabu kilisalimika, na mwaka 1934 kikapigwa chapa huko Mosul. Vyakula vya Baghdad vingali vyapikika. Mkate wa bibi yetu haupikiki tena.

Wako wasemao ya kuwa mtoto wa kiume hana kazi jikoni. Twawauliza: pilau ya harusi, ile ya masufuria makubwa, mara ngapi mmewaona wanaume wakiikoroga kwa miiko mirefu? Na Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu ya kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ulipofika hutoka kwenda kusali. Ikiwa yeye hakuona ni aibu, mwana wetu aone aibu ya nini?

Basi, enyi wazazi, mroho wenu msimfukuze. Mpeni ungo achague mchele. Akiwa mkubwa kidogo mpeni mbuzi, na akipata akili ya kuuogopa moto, mpeni mwiko. Mfundisheni kunawa, kutaja jina la Mwenyezi Mungu, na kumkumbuka jirani kabla ya kupakua. Akiharibu, kuleni kama alivyokula babu yetu.

Nanyi vijana, chukueni daftari mwende kwa bibi zenu wakiwa hai. Akisema "chumvi kiasi," mshikeni mkono, mpime kiasi hicho kwa kijiko, mkiandike. Msingoje siku ambayo mtakumbuka utamu wa chakula, na mwenye kukijua hayupo.

Wabillahi tawfiq.