Ukurasa wa Pwani: Fedha Kidogo, Safari ya Bahari Kuu



Mwezi huu tunazungumza na wenye mashua na majahazi. Wengi wao wana fedha kidogo. Lakini safari yao ni ndefu. Kisiwa cha Pemba kiko kiasi cha kilomita 50 kutoka bara, na katikati ya mkondo huo maji ni mengi sana. Huko hakuna fundi, hakuna duka, na hakuna mti wa kushika.

Basi, mtu mwenye fedha kidogo aanzie wapi? Wengine huanza na rangi. Chombo hupendeza, watu hukisifu pwani. Bahari haiangalii rangi. Bahari hutafuta ufa.

Anza na mwili wa chombo

Subiri bamvua. Bamvua huja wakati wa mwezi mpevu na wakati wa mwezi mwandamo. Maji yakijaa, sogeza chombo juu ya ufuko. Maji yakitoka, chombo kitabaki pakavu. Kisimamishe kwa magadi, kulia na kushoto. Kazi hii hailipiwi. Inataka majirani tu.

Ukikipandisha juu kabisa siku ya bamvua kubwa, maji ya siku zinazofuata hayatakifikia. Utapata karibu wiki 2 za kazi, mpaka bamvua lijalo. Kwa hiyo pamba, mafuta, mbao na misumari viwe tayari mapema.

Sasa chukua kisu. Choma mbao polepole, hasa karibu na mkuku na penye misumari. Kisu kikiingia kwa urahisi, ubao umeoza. Ukiona alama nyekundu kuzunguka msumari, jua kutu imeanza kuula. Ng'oa msumari huo, tia mwingine. Ubao uliooza ukatwe, utiwe mpya. Usiufiche kwa rangi.

Halafu angalia kalafati. Pamba iliyolegea itolewe yote. Tia pamba mpya iliyolowa mafuta, uipigilie mpaka ijae. Ukitaka kujua panapovuja, mimina maji kidogo ndani ya chombo, kisha zunguka nje. Panapolia maji, tia alama ya mkaa. Mwisho paka sehemu ya chini shahamu na chokaa, kama walivyofanya wazee. Dawa hiyo huzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao.

Chombo kikirudi majini, usikipakie mzigo siku hiyo. Mbao zilikauka, zikasinyaa. Kiache siku 2 au 3 zinywe maji na kubana. Kila siku pima maji yaliyoingia. Yakipungua, ni vizuri. Yakizidi, rudi pwani.

Kamba na tanga

Kamba nzuri kwa nje inaweza kuwa mbovu kwa ndani. Isokotoe, fungua nyuzi, tazama. Ukiona unga, kamba hiyo imekufa. Kamba ya kupandishia tanga ndiyo ya kwanza kubadilishwa. Ikikatika, foromali huanguka juu ya watu. Kama kamba imechakaa upande mmoja tu, igeuze. Upande uliochakaa uwe mwisho, upande mzima ufanye kazi. Hapo umeokoa fedha.

Tandaza tanga chini, juani. Tazama kila mshono. Tundu dogo lishonwe leo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Tanga la pamba lisikunjwe likiwa bichi. Litaoza.

Gawa fedha mafungu 10

Mafungu 4 ni ya mbao, misumari na kalafati. Mafungu 2 ni ya kamba na tanga. Mafungu 2 ni ya majaketi okozi. Fungu 1 ni la maji, chakula, taa na dira. Fungu 1 ni akiba. Kama majaketi hayatoshi, punguza watu. Usipunguze majaketi.

Tupige hesabu ya maji. Mtu mmoja apewe lita 4 kwa siku. Mabaharia ni 5. Safari ni ya siku 1, lakini upepo unaweza kukatika. Chukua maji ya siku 3. Yaani 4 mara 5 mara 3. Jibu ni lita 60. Hayo ni madumu 3 ya lita 20. Usiyatie yote katika pipa moja. Pipa likipasuka, mmekwisha.

Vitu visivyo na bei

Vitu vingine havinunuliwi. Kwanza ni majira. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi. Kusi hufuata, na huwa kali sana Juni mpaka Agosti. Zamani majahazi yalikwenda Oman kwa kusi, yakarudi kwa kaskazi. Wazee wale hawakushindana na upepo. Nawe usishindane nao. Siku ya safari, sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikionya juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa, ngoja.

Pili ni ukaguzi. Mpeleke mkaguzi wa vyombo aone kazi yako. Macho mawili huchoka, manne huona zaidi.

Tatu ni habari. Mwachie mtu wa pwani karatasi. Andika jina la chombo, idadi ya watu, saa ya kuondoka, mahali mnapokwenda na siku ya kufika. Simu ya mkononi ifungwe ndani ya mfuko wa nailoni. Lakini usiitegemee, maana katikati ya bahari mawasiliano hukatika. Karatasi ile ndiyo itakayowafanya watu waanze kuwatafuta mapema. Hii ni faida moja kubwa ya kujua kuandika.

Ndugu baharia, fedha zikiisha kabla kazi haijaisha, safari isubiri. Mzigo unaweza kwenda mwezi ujao. Watoto wako hawana baba mwingine.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, vyombo vingapi vina majaketi ya kutosha watu wote?
2. Mabaharia 6 wanahitaji lita ngapi za maji kwa siku 3?
3. Kwa nini chombo kisipakiwe siku ile ile kinaporudi majini?