NDEGE WA MTONI NI MASHAHIDI WA MAJI YETU

Wapo wananchi wanaodhani kwamba kutazama ndege ni mchezo wa watalii wenye darubini na nafasi nyingi. Fikra hizo hatuna budi kuziacha.

Mji wa Korogwe umekaa kando ya Mto Pangani, unaokusanya maji ya Kilimanjaro, Meru, Upare na Usambara. Katika matete na madimbwi ya kingo zake huonekana yangeyange, mnandi, mdiria na fundichuma. Na kila mwaka, baridi ikikaribia Ulaya, mbayuwayu wa huko huja kwetu. Kuwatazama hakudai kiingilio wala gari.

Ndege hao wana habari ya kutupa. Mdiria huvua kwa macho. Maji yakijaa udongo ulioporomoka kutoka mashambani, hamwoni samaki, naye huhama. Tena hutoboa kiota chake katika ukuta wa udongo ukingoni. Ukingo ukilimwa hadi majini, hana pa kutagia. Matete yakichomwa, mnana hukosa pa kusuka kiota, na mto hukosa kizuizi cha tope.

Jambo hili haliwahusu watu wa Korogwe peke yao. Handeni ni wilaya yenye kiu ya siku nyingi. Malambo yake hujaa masika na kunywea kiangazi, na kwa miaka mingi imetegemea maji yanayosukumwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mradi wa HTM. Tope linalomfukuza mdiria ndilo linaloongeza kazi na gharama ya kuyasafisha maji hayo kabla hayajafika kwenye ndoo ya mama wa Chanika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini mkulima anayefuata unyevu ukingoni hakwenda huko kwa ubaya; shamba lake la juu limekauka. Ni wajibu wa watumishi wa kilimo, ardhi na maji kukaa naye na kumwonyesha pengine pa kulima, badala ya kumfikia kwa amri tu.

Walimu nao wana kazi. Klabu za Malihai zilianzishwa mwaka 1980 ili vijana wajifunze hifadhi. Shule iliyo karibu na mto au lambo yahitaji daftari moja tu: tarehe, mahali, aina ya ndege na idadi yao, mara moja kwa wiki. Baada ya mwaka, daftari hilo litakuwa ushahidi unaostahili kusomwa katika kikao cha halmashauri.

Mdiria akitoweka Korogwe, tusingoje bomba la Handeni litoe tope ndipo tuulizane kulikoni.